Programu Gani Itatoa Ngoma Kwa CD Bila Kukudanganya? Soma Hii Kabla CD Za Mzae Hazijakufa

Ukiingia boma yoyote ya ocha, kuanzia Kendu Bay, Mbita na Ndhiwa mpaka Rongo na Awendo, angalia chini ya TV. Kuna ile katoni ya CD. Ingine ni benga, ingine ni ohangla, ingine ni kwaya ya kanisa, na kuna moja imeandikwa na maka peni "Matanga ya Jaduong' 2009". Deki ilikufa kitambo. DVD player inasoma siku ikitaka. Na simu yako haina mahali pa kuingiza CD.

Najua venye utasema: si ngoma zote ziko YouTube? Za mastaa, ndio. Okatch Biggy utampata, Musa Juma utampata, D.O. Misiani hauwezi kumkosa. Lakini ile bendi ndogo ilirekodi CD moja pale mtaani, wakauza kwa matanga na kwa stendi ya matatu, wakavunjika mwaka uliofuata, hiyo haiko popote. Pengine ile copy iko kwenu chini ya TV ndio imebaki peke yake. Na sauti ya marehemu babu akitoa hotuba kwa harusi ya shangazi, hiyo YouTube wataitoa wapi?

Hata muziki wa mastaa uliponea kidogo. Misiani alizaliwa 1940 huko Shirati, ng'ambo tu ya mpaka ukitoka Migori, akafariki 2006 kwa ajali ya barabarani Kisumu. Miaka miwili baadaye, 2008, Ketebul Music walitoa Retracing the Benga Rhythm, yaani kitabu, CD na DVD pamoja, juu ya historia ya benga. Hiyo ni kazi ya watu wenye studio na vifaa. Kwa katoni ya kwenu hakuna anayekuja na studio. Ni wewe na laptop.

Sasa swali linakuja: unatumia programu gani? Ukiuliza kwa saiba utaambiwa "yoyote tu, zote ni sawa". Zi. Haziko sawa, na nitakuonyesha kwa nini.

Kwanza jua umeshika nini

CD zote zinakaa moja ukiziangalia, lakini ndani ni vitu tofauti. Ingiza kwa kompyuta, fungua folda, uangalie faili.

Ukiona faili zinaishia na .cda, hiyo ni CD ya muziki ya kawaida, ile inaimba kwa deki yoyote. Hapa wasee wengi huangukia. Wanakopi hizo .cda, wanapesti kwa flashi, wanaenda nyumbani, hakuna kitu inaimba. Angalia saizi yake: hata KB moja haifiki. Hiyo .cda si ngoma. Ni kibao tu cha kuonyesha ngoma inaanzia wapi kwa CD. Ngoma yenyewe lazima itolewe na programu maalum, na hiyo ndio kazi wasee huita kuripi.

Ukiona faili za .mp3, relax. Hiyo ni ile CD ya mtaani yenye ngoma mia moja na kitu. Hauhitaji programu yoyote. Kopi, pesti, umemaliza. Usikubali mtu akulipishe doo ya kuripi kitu ambacho ni cha kupesti.

Ukiona folda inaitwa MPEGAV na ndani kuna faili za .DAT, hiyo ni VCD, zile za video za ohangla zilikuwa zimejaa kila mahali. Ukiona VIDEO_TS, hiyo ni DVD. Za VCD kopi hizo .DAT, VLC itazicheza bila stori. Video za matanga na harusi ziko kwa hizi mbili mara nyingi, kwa hivyo usizitupe ukidhani zimeharibika ju simu imekataa kuzifungua.

Kutoka hapa tunabonga juu ya ile aina ya kwanza, ya .cda, ju hapo ndipo programu unayochagua inaleta tofauti.

CD ikishindwa kusoma, inabuni

CD ya muziki hubeba sauti kama namba, namba 44,100 kila sekunde kwa kila spika. Mwanga wa leza unazisoma kutoka ile sehemu inang'aa. CD ikiwa na mkwaruzo, kuna namba zitakosa kusomeka. Waliotengeneza CD walijua hiyo itatokea, kwa hivyo waliweka hesabu za ziada za kurekebisha makosa madogo. Mkwaruzo mdogo unarekebishwa na husikii kitu.

Mkwaruzo ukiwa mkubwa, hiyo hesabu inashindwa. Hapo ndio mchezo unaanza. Mashine haisimami kukuambia "hapa sijaona". Inaangalia namba iliyo kabla na iliyo baada, halafu inabuni ya katikati. Kwa deki hiyo ni poa, ju unataka dansi iendelee. Kwa kazi ya kuhifadhi ni ngori, ju ile namba ya kubuni inaingia kwa faili yako na itakaa hapo milele. Utakuja kuskia kile kidude cha "tik, tik" katikati ya solo ya gitaa, na saa hiyo CD ishatupwa.

Ndio maana faili ya kawaida ya kompyuta, kama MP3 ama picha, ikiharibika kwa CD unapata ujumbe wa kosa, kopi inakataa. CD za data zina ulinzi wa ziada. CD ya muziki haina hiyo. Inaweza kuharibika na programu iseme "imekamilika" na tabasamu.

Kwa hivyo swali la kuuliza programu yoyote si "iko haraka?" wala "iko na luku fiti?" Ni hili: ikishindwa kusoma, itaniambia?

Tuziangalie moja moja

*Windows Media Player.* Iko kwa Windows tayari, hauhitaji bando. Inatoa MP3, na kwa Windows 10 na 11 inatoa hata FLAC. Kwa CD mpya isiyo na mikwaruzo itakutoa. Shida yake ni kuwa haikupi ripoti yoyote. Ikimaliza imemaliza, kama imebuni sehemu utajua siku ya kuskiza.

*iTunes.* Vile vile. Kuna mahali kwa setingi pa kuwasha marekebisho ya makosa wakati wa kusoma CD, kwa hivyo washa. Lakini haitoi FLAC, na ripoti hakuna.

*VLC.* Hii ni bingwa wa kucheza kila kitu, na kwa VCD na DVD ndio rafiki yako. Inaweza pia kutoa ngoma kwa CD, lakini hiyo si kazi yake ya ukweli. Usiipe CD ya maana.

*fre:ac.* Ya bure kabisa, inafanya kazi kwa Windows, Mac na Linux. Ni rahisi, inatoa MP3 na FLAC, na iko na modi ya kusoma kwa uangalifu ambayo unawasha mwenyewe kwa setingi. Kama hupendi setingi mingi, anza na hii. Pia ni noma kwa kubadilisha fomati, tutairudia.

*Exact Audio Copy.* Wasee huiita EAC. Ilitengenezwa na Mjerumani anaitwa Andre Wiethoff, iko tangu miaka ya tisini, na ukiiona utadhani bado iko huko. Sura yake haijawahi kupendeza. Ni ya Windows, na haikulipishi kitu. Kazi yake sasa: ikifika mahali pagumu inarudi kusoma tena na tena mpaka majibu yafanane. Ikishindwa inakuandikia ni wimbo gani na ni sekunde ya ngapi ina shaka. Hii ndio programu haiwezi kukudanganya kwa kunyamaza.

*dBpoweramp.* Inafanya kazi kama EAC lakini ina sura safi na ni rahisi kutumia. Ni ya kulipia, unapewa siku za kujaribu kwanza. Kama uko na CD mia mbili na uko na doo, fikiria. Kama ni katoni moja, EAC inatosha.

Uko na Mac? Tafuta XLD, ni ya bure. Uko na Linux? Asunder ni rahisi, na whipper ndio ile ya kukagua kwa makini kama EAC.

Kitu kimoja: pakua kutoka kwa tovuti ya mwenyewe, si kwa zile tovuti zenye vibonyezo kumi vya "pakua" na vyote ni matangazo. Wakati wa kuinstoli soma kila ukurasa, usibonyeze tu mbele mbele.

Ujanja wa CD za kwetu

Ukisoma maelezo ya watu wa majuu utaskia wakisifu kitu kinaitwa AccurateRip. Ni ghala la intaneti ambapo matokeo ya CD yako yanalinganishwa na ya watu wengine walioripi CD hiyo hiyo. Yakifanana, uko sawa asilimia mia.

Shida ni kuwa CD ya bendi ya Rongo hakuna Mmarekani ameiripi. Ghala litasema halijui hiyo CD. Usishtuke, haimaanishi CD ni mbaya. Inamaanisha huna wa kulinganisha naye, kwa hivyo unajilinganisha mwenyewe.

Kwa EAC kuna kitu kinaitwa Test & Copy. Inasoma wimbo mara ya kwanza, inapiga hesabu na kuandika namba fulani. Inasoma tena mara ya pili, inapiga hesabu tena. Namba mbili zikifanana, wimbo umetoka vile ulivyo kwa CD. Zikitofautiana, mara moja kati ya hizo kuna mahali palisomwa vibaya. Inachukua muda mara mbili, ndio. Lakini kwa CD ambayo haina ndugu duniani, huo ndio ushahidi bora uko nao. Ikimaliza hifadhi ile ripoti kwa folda moja na ngoma.

Fanya hii kazi chaji ikiwa imejaa. Stima ikipotea katikati na betri ya laptop ni ya kuombea, unaanza wimbo upya.

MP3 ama FLAC?

Hapa ni hesabu tu. CD ya saa moja, vile ilivyo, ni kama MB 635. FLAC inaibana bila kutupa kitu, kama vile unakunja shati kwa begi. Mara nyingi inabaki kati ya nusu na theluthi mbili. MP3 inabana kwa kutupa sauti ambazo sikio linaskia kwa shida. MP3 ya 320 kwa CD hiyo ni kama MB 144, ya 192 ni kama MB 86.

Kwa flashi ya GB 16 utaweka kama CD 40 za FLAC. Kwa hivyo nafasi si kisingizio.

Mpango ni huu: toa FLAC mara moja, iweke kama mama. Halafu tumia fre:ac kutengeneza MP3 za kuweka kwa simu, kwa gari na kwa ile tenje ya mathe yenye mahali pa flashi. MP3 ikipotea unatengeneza ingine kutoka kwa FLAC. Ukianza na MP3 pekee, zile sauti zilizotupwa hazirudi, hata uigeuze kuwa FLAC baadaye. Kukunjua shati hakurudishi kifungo kilichopotea.

Usiache "Track 01"

Programu nyingi hutafuta majina ya ngoma kwa intaneti, kwa maghala kama MusicBrainz. Lingine maarufu, freedb, lilifungwa 2020. Kwa CD ya mtaani zitakuletea "Track 01, Track 02", ama mbaya zaidi, majina ya CD ingine kabisa ambayo urefu wake umefanana na yako. Angalia kabla ya kukubali.

Andika majina mwenyewe. Programu ya bure ya Mp3tag inasaidia, na licha ya jina inakubali hata FLAC. Andika mwimbaji, bendi, jina la wimbo kwa Dholuo vile limeandikwa kwa kava, mwaka kama uko, na mahali walirekodi. Piga kava picha pande zote, uweke picha kwa folda hiyo hiyo.

Usione hii ni kazi ya bure. Miaka ya sabini, santuri za benga za Phares Oluoch Kanindo, mfanyabiashara wa muziki aliyewahi pia kuwa mbunge, zilifika mpaka Zimbabwe. Watu wa huko wakaanza kuita muziki wenyewe "kanindo". Jina lililosafiri ni lile lilikuwa limeandikwa kwa santuri. Lisiloandikwa linapotea, na "Track 07" haina kwao.

Na benga imejaa pakruok, watu wanatajwa na kusifiwa ndani ya wimbo. Kaa chini na wazee uwaulize, "Jaduong', huyu anayetajwa hapa ni nani?" Pengine ni jirani, pengine ni wa ukoo. Andika. Wanaojua majibu hawatakuwepo siku zote, na hakuna programu itakujibia hiyo.

CD ikikataa

Kabla uitupe, ioshe. Kitambaa laini, maji na sabuni kidogo ya vyombo. Futa kutoka katikati kwenda nje kwa mstari ulionyooka, usizungushe. Mkwaruzo unaofuata mzunguko ni mbaya zaidi ju unafuata njia ya leza.

Watu huogopa mkwaruzo wa chini na kusahau wa juu. Kwa CD, ile sehemu inang'aa iko karibu na upande wa maandishi, imefunikwa na rangi nyembamba tu. Ukikwaruzwa juu mpaka uone mwanga ukipita, hiyo sehemu imeenda, hakuna sabuni.

Zile zilizochomwa kwa kompyuta, ambazo chini ni za bluu ama kijani, hizo ndio utangulize. Zimerekodiwa kwa rangi, na rangi hiyo huchoka kwa jua na joto. Kama zimekaa dirishani ama kwa dashbodi ya matatu, hazina muda.

Ikikataa kwa draivu moja jaribu ingine. Draivu ya kompyuta ya zamani ya mezani inaweza kusoma CD ambayo ya laptop imeshindwa. Punguza pia spidi ya kusoma kwa setingi.

Na kama laptop haina draivu?

Laptop nyingi za saa hii hazina. Kuna draivu ndogo ya nje ya kuchomeka kwa USB, na mbogi inaweza kuchanga mnunue moja ya kuzunguka nayo. Ama enda saiba yenye kompyuta ya zamani, lakini usiseme tu "niwekee hizi ngoma kwa flashi". Sema hivi: "Boss, nataka FLAC, tumia EAC, fanya Test and Copy, na unipee na ile ripoti." Akisema hiyo ni stori nyingi, mwombe mashine tu, ulipe dakika, ufanye mwenyewe.

Ukimaliza, kopi ziwe mbili mahali tofauti. Flashi peke yake haifai, inapotea kama biro. Ya pili iweke kwa laptop ama hadi diski ya jamaa, na CD zenyewe rudisha kwa katoni, mbali na jua.

Na sheria iko. Kutoa ngoma kwa CD yako uskize nyumbani si sawa na kuzichoma uuze pale stendi, ama kuzipakia mtandaoni kama zako. Hapo unagusa haki ya mwenye wimbo, na KECOBO wako kwa hiyo kazi. Kama umepata ngoma adimu, mtafute mwimbaji ama familia yake kwanza. Kuna uwezekano hata wao hawana copy.

Kwa ufupi: CD ya MP3 pesti tu, VCD kopi .DAT, CD safi ya staa tumia fre:ac, na CD ambayo haiko mahali pengine popote ipe EAC na uvumilie. Anza na ile imeandikwa kwa mkono.